Mgawo wa Vinanda vya Mechack

Kalumba alianza kuchomoa nyaya kabla wageni wa mwisho wa kilio hawajavaa viatu. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kasaji, na alichomoa kama mtu anayeng'oa mihogo: kwa mikono miwili, bila kuangalia. Mjane, Odile Kabemba, alikuwa ameketi juu ya mkeka, kitambaa cheusi kichwani, mgongo wake ukiegemea ukuta ambao yeye mwenyewe alikuwa ameubandika trei za mayai ili sauti isirudi.

"Polepole," alisema. "Ile waya ikivunjika, haipatikane hapa Kolwezi."

"Weye unyamaze. Ulikuya mu hii nyumba na nini? Na sufuria mbili na kinywa."

"Hiyo kinywa njo iliimba mpaka ndugu yako akanunua hii bitu unabeba."

Kalumba aliviringisha waya kwenye mkono wake na kuutia mfukoni.

Marehemu aliitwa Mechack Mukalay. Alikuwa fundi wa redio na simu, na mtaa mzima wa Dilala ulimjua kwa sababu ya kibao chekundu juu ya mlango wake kilichoandikwa STUDIO MECHACK. Kifua kilimuua katikati ya kiangazi, wakati malori ya migodi yanapoacha vumbi hadi ndani ya sahani. Familia yake ilikuja, ikalia kwa sauti kubwa, ikala, na siku ya kutoa kilio ikaanza kutazama vitu. Kwa desturi yao, mali ya mwanaume inarudi kwa wale aliozaliwa nao. Sheria ya serikali inasema mengine, na Odile alikuwa amesikia hivyo. Lakini sheria ilikuwa mbali, na Kalumba alikuwa chumbani.

Walikuja watatu. Baada ya Kalumba alifuata Donatien, karani katika stesheni ya reli ya Tenke, mtu wa suruali yenye pasi na maneno ya Kifaransa. Wa mwisho alikuwa dada yao Jémima, aliyepika na kuuza chakula kwa wachimbaji kule Mutoshi, na ambaye ulimi wake ulitumika kama kijiko na kama kisu. Hawa watatu hawakupendana. Tangu shamba la baba yao lilipouzwa, kila mmoja aliamini kwamba wenzake wawili walimdanganya. Kwa hiyo walijua namna moja tu ya kugawa: kila kichwa kitu chake, na vitu vifanane, mtu asije akamzidi mwenzake.

Katika studio kulikuwa na vinanda vitatu, kirefu, cha katikati na kifupi.

"Mungu mwenyewe aligawa," alisema Donatien. "Trois et trois, batu tatu, bitu tatu."

Kalumba alichukua kirefu kwa sababu ya ukubwa wake wa kuzaliwa. Donatien alichukua cha katikati. Jémima aliachiwa kifupi, chenye vitufe vya mpira vya kupigia ngoma, akalalamika mpaka aliposikia kwamba hicho ndicho vijana wanakipenda. Kisha alisogeza kwa mguu kompyuta iliyokuwa sakafuni. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe.

"Na hii?"

"Imekufa kioo," alisema Donatien. "Ku Tenke tunatupaka za vile."

"Itumikie batoto yangu ku masomo," alisema Kalumba.

"Batoto yako? Na yangu beko mbuzi?" Jémima aliuliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyeitaka vya kutosha kuigombania, na hakuna aliyekubali mwenzake aibebe. Wakaiacha pale pale. Odile aliinamisha kichwa, wakadhani analia.

Alikuwa anazuia uso wake. Vinanda vile havikuwa na sauti.

Hilo watu wengi hawakulijua, na Mechack hakupenda walijue. Kinanda cha kawaida cha kanisani kina sauti zake ndani. Ukikiunga na spika kinalia. Vile vitatu vilikuwa vya aina nyingine, vinavyoitwa vya MIDI. Ukibonyeza, kinanda kinapeleka habari tu kwenye kompyuta: kitufe fulani kimeshikwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimeachwa. Kompyuta ndiyo inayoifanya habari hiyo kuwa gitaa, filimbi au ngoma, na ndani yake kuna programu inayorekodi kila chombo kwenye mstari wake, mstari ambao watu wa studio wanauita piste. Bila kompyuta, kinanda cha namna hiyo ni ubao wenye meno.

Odile aliyajua hayo kwa taabu. Alizaliwa Kasaji, binti wa katekista, akajifunza kupiga harmonium ya kanisa, kinanda cha kupuliziwa hewa kwa miguu, huku akichapwa vidole kwa rula kila alipokosea. Alipoolewa, Mechack alikuwa na kinanda kimoja na kompyuta ile. Baadaye alileta cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja kutoka kwa mtu aliyekuwa anaondoka Kolwezi kwa haraka. Siku ya kwanza walipochomeka viwili pamoja, mke akipiga piano na mume akipiga ngoma, kila pigo la Mechack liliingia ndani ya piano. Kwaya iliyokuwa inasubiri ikacheka, na Mechack akamgeukia mkewe mbele yao.

"Unabonyeza nini huko? Unaniharibia kazi!"

"Mikono yangu iko hapa. Ya kwako njo inaingia kwangu."

"Mwanamuke wa Kasaji! Ulizoea muziki ya kupepea na miguu!"

Baada ya siku hiyo Odile alikaa na kompyuta mchana baada ya mchana, mume akiwa sokoni anatengeneza simu, mpaka akaelewa. Programu isipoambiwa, inaifungulia kila piste mlango kwa vinanda vyote. Lazima kila piste iambiwe isikilize kinanda kipi na ivifungie vingine. Tangu hapo kirefu kilikuwa cha piano, cha katikati cha bezi, kifupi cha ngoma, na watu watatu waliweza kupiga kwa pamoja bila mmoja kuingia kwa mwenzake. Mara nyingi watu hao watatu walikuwa Odile peke yake, mkono mmoja hapa na mwingine kule, akizunguka kwenye kiti kama mwanamke mwenye moto wa mafiga mawili.

Mechack hakumshukuru. Kwaya zilipokuja, mke alifanya kazi na mume alipokea sifa. Mteja akiuliza, Mechack alisema, "Bibi yangu ananisaidiaka kubonyeza." Wengine walidhani yule mama yuko pale kwa ajili ya kuleta maji ya kunywa. Ndiyo maana, alipokufa, ndugu zake waliamini kwamba muziki ulikuwa mikononi mwa kaka yao, na kwamba sasa, mikono ikiwa imezikwa, muziki umebaki ndani ya vinanda.

Juma lililofuata alikuja mama Louise, rais wa kwaya ya akina mama wa Kiprotestanti. Wimbo wao ulikuwa umerekodiwa nusu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mama Odile, pole tena. Tunaomba tu ile yetu mulishaanza. Tutaituma ku Lubumbashi, bamalizie kule."

"Kazi haiyaisha."

"Utaimaliza na nini? Batu bote baliona Kalumba akipita na clavier, kile kinanda, juu ya kichwa kama jeneza."

"Ingia, mama. Ao unaogopa trei za mayai?"

Mama Louise aliingia. Odile aliwasha kompyuta, akafungua wimbo, akaweka vidole kwenye herufi. Programu ile ilikuwa na njia ya maskini: herufi za kompyuta zinaweza kushika nafasi ya kinanda, safu moja ikiwa vitufe vyeupe na safu iliyo juu yake vyeusi. Ilikuwa kazi mbaya. Herufi haijui nguvu ya kidole. Kila noti inatoka na uzito uleule, kama mtoto anayesoma bila kupumua, na baadaye ilibidi Odile azipitie moja moja, hii aipunguze, ile aiongeze. Alichokuwa anakipiga mara moja kwa mikono miwili, sasa alikipiga mara nne kwa vidole vitatu. Lakini wimbo uliendelea. Mama Louise alisikia bezi ikiingia chini ya sauti zao wenyewe, akafunika mdomo.

"Unaandika muziki kama mutu anaandika barua ya malalamiko," alisema.

"Malalamiko niko nayo mingi."

Kwaya ilibaki. Kwa njia hiyo Odile aliendelea kula na kumsomesha binti yake Shekina. Lakini mtaa nao ulikuwa na masikio. Majirani walikuwa wameona vinanda vikiondoka, na bado muziki ulitoka kwenye dirisha lile lile. Waliojua jambo walinyamaza; wasiojua ndio waliosema. "Ma-clavier ilienda, sauti ikabakia mu nyumba. Sauti inabakiaka namna gani peke yake?" Kwenye foleni ya maji wasichana walianza kumsogeza Shekina nyuma, kila mmoja kwa kiwiko, bila neno.

Huko Kasaji, Kalumba alikuwa ameahidi kinanda kwenye arusi ya mtoto wa tajiri wa baiskeli. Alikiweka mezani mbele ya watu, akachomeka waya kwenye chaja ya simu. Taa zikawaka, nyekundu na bluu, watu wakapiga makofi. Akabonyeza. Kimya. Akatafuta mahali pa kuchomeka spika, hakuona. Fundi wa redio aliitwa akafungua skrubu za chini, akachungulia: kipande kidogo cha kijani, utepe wa waya, na hewa.

"Tata Kalumba," alisema fundi, "hii tumbo iko vide, tupu. Kuna mutu alitosha bitu ya ndani, alibiondoa."

Mgeni mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Na mbuzi ya arusi nayo balitosha nyama?" Arusi nzima ilicheka, na Kalumba alibeba ubao wake akatoka kwa mlango wa jikoni.

Donatien alikuwa amekikabidhi chake kwa kanisa la Tenke kwa hotuba ndefu yenye Kifaransa kingi. Baada ya hotuba kilifuata kimya kirefu zaidi. Jémima alikuwa ameuza kifupi kwa mchimbaji wa Mutoshi aliyetaka kuwa mwanamuziki. Mchimbaji alikirudisha siku iliyofuata, akakitupa juu ya meza ya chakula, sahani zikavunjika, akamwita mwizi mbele ya wateja wake.

Kwa mara ya kwanza tangu shamba la baba yao liuzwe, watatu walikubaliana jambo moja. Walikutana Kolwezi, kila mmoja na kinanda chake kwapani, wakasimama mbele ya mlango wa Odile jua likiwa katikati ya kichwa.

"Odile! Toka inje! Rudisha matumbo ya bitu byetu!"

Odile alitoka na mikono yenye sabuni.

"Kalumba, unapiga kelele ya nini? Uko muuza mahindi ao uko sireni ya mugodi?"

"Tulibeba bizima. Taa zinawaka, kinywa imefungwa! Fundi alipasua, akakuta hewa! Ulitosha nini mule?"

"Na ile muziki inatoka kila siku mu dirisha yako?" alisema Donatien. "Na instrument gani? Explique, utueleze!"

Jémima alikuwa amengoja zamu yake. Aliigeukia barabara, si Odile, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusimama, pamoja na vijana wachimbaji waliokuwa wanapita na magunia.

"Batu ya Mungu, muone! Alikula ndugu yetu, akaona haishibe. Sasa anakula na sauti yake! Mechack eko mule mu nyumba, anamupigisha kazi mu giza! Mulozi!"

Neno hilo lilipotoka, watu walisogea karibu. Mwaka uliotangulia, upande wa pili wa mtaa, mama mmoja aliitwa hivyo asubuhi, na jioni bati za nyumba yake zilikuwa zinabebwa na watu wengine. Kijana mmoja aliweka gunia lake chini. Shekina, ndani, alianza kufunga madirisha.

Waliokolewa na uvivu wa mkuu wa mtaa. Tata René hakutaka kesi ya bati nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa imemletea polisi na maswali. Alikuja na kandambili zake, akatangaza kwamba kila mtu ahamie uani kwake, walalamikaji mbele, mshitakiwa nyuma, na atakayetupa jiwe atalala kwenye kachoti, kile chumba cha mahabusu.

Uani kwake palijaa. Tata René aliketi, akaomba maneno. Kalumba alisema ya arusi, Donatien ya kanisa, Jémima ya sahani. Watu waliguna. Mama Louise alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua kama alikuja.

"Mama Odile," alisema tata René, "hawa batatu banasema ulitosha sauti mu ma-clavier na bulozi. Ujibu."

Odile alisimama. Jibu alikuwa nalo, tena fupi, na lingemmaliza. Akisema, na watu wakaamini, kwamba sauti hazikuwahi kuwa kwenye vinanda, kwamba zilikuwa na ziko kwenye kompyuta yenye ufa, jina la mulozi litamwondoka. Lakini Kalumba ataunyosha mkono wake papo hapo na kusema: basi ile nayo ni ya ndugu yetu. Na hapo ndipo atabaki bila kitu cha kumlisha mtoto, kwa sababu kompyuta ndiyo ilikuwa studio yote. Akinyamaza, ataibakiza kompyuta, na huenda asibakiwe na nyumba ya kuiwekea.

Aliwatazama mashemeji zake. Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja na kinanda chake mapajani, na kati ya bega na bega kulikuwa na nafasi ya kupitisha mbwa.

"Tata René," alisema, "sitajibu na kinywa. Ninaomba meza, na ile baffle yako, spika ya batri. Shekina, enda ulete machine. Na kile kitu cha matundu mengi."

Kompyuta iliwekwa mezani, na kando yake kile kiungio cha matundu mengi cha kuchomekea nyaya. Kalumba alikuwa wa kwanza kusimama.

"Anza na yangu. Mi njo mukubwa."

"Hapana. Yote tatu pamoja, ao hakuna."

"Juu ya nini tatu? Ukitengeneza ya kwangu, kesi yangu imeisha!"

"Njo maana umbo yako ni ya mukubwa na roho ni ya mutoto," alisema Odile. "Mulikuya batatu, mulinitukana batatu. Mutakaa batatu."

"Tatu," alisema Jémima haraka. "Asianze na yake peke yake."

"Oui, tatu," alisema Donatien.

Odile alikuwa ametegemea hilo. Kama angeunga kinanda kimoja, mtu mmoja angekuwa na kinanda kinacholia na kompyuta inayokiliza, na wengine wawili wangebaki watazamaji, wasio na la kugombania. Alichomeka vyote. Alifungua piste tatu. Kwa kila moja alichagua kinanda chake na kuvifungia viwili vilivyobaki, taratibu, huku watu wakimkodolea macho vidole. Kisha akachagua sauti, na hapo alichukua muda zaidi. Alimpa Kalumba bezi nzito, ya kutikisa kifua. Alimpa Donatien ogani ya kanisa kubwa, yenye mwangwi. Alimpa Jémima ngoma, na kila kitufe cha mpira akakipa ngoma yake. Hakumpa yeyote sauti dhaifu.

"Bonyezeni."

Hawakuthubutu. Jémima alipiga kwanza, kwa kidole kimoja, kama anayejaribu chuma cha moto. Ngoma ililia kutoka kwenye spika ya tata René, na kuku wakaruka. Donatien alibonyeza, ogani ikajaza ua, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kalumba aligonga kwa ngumi, na bezi ikatetemesha vikombe. Watu walipiga kelele, kisha wakaanza kucheka, kwa sababu watatu hao walikuwa wanabonyeza kwa nguvu wote pamoja, nyuso zimekasirika, kila mmoja akijaribu kuwafunika wengine, na muziki uliotoka ulikuwa wa aibu.

Odile akachomoa waya mmoja tu, ule wa kiungio kuelekea kwenye kompyuta. Vyote vitatu vikanyamaza. Akaurudisha, vikalia.

"Tumbo yao iko hapa," alisema, mkono juu ya kioo chenye ufa. "Ilikuwaka hapa tangu zamani. Mechack alijua. Mulikuya kubeba bijiko, mukaacha chungu, kisha munaniita mulozi juu bijiko haipike."

Mama Louise alicheka kwa sauti, na kicheko chake kiliwapa wengine ruhusa. Kijana mwenye gunia alilirudisha begani. Kuhusu ulozi, kesi ilikuwa imeisha.

Kalumba hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama Odile alivyojua ataweka.

"Basi hii nayo ni ya ndugu yetu. Ninaibeba."

Odile alirudi nyuma hatua moja na kukunja mikono.

"Unaibeba wapi?" aliuliza Donatien.

"Kasaji. Mi njo mukubwa."

"Ukubwa ya kuuza shamba! Tulikuona. Hapana. Iende Tenke. Yangu njo inapiga nyimbo. Ya kwako inapiga tu *bum, bum*, kama gari ya mahindi inakufa mu njia."

"Na bila ngoma mutacheza nini?" Jémima alikuwa amesimama, kinanda kikiwa kifuani kama mtoto. "Mutacheza kilio? Iende Mutoshi! Kule njo kuko na vijana ya kulipa!"

"Kwako? Ulishauza ya kwanza kabla machozi haiyakauka!"

"Na weye uliipeleka ku kanisa ili bakuite diacre, shemasi!"

Tata René alijaribu. Alipendekeza vyote vikae kwa Kalumba, wenzake waje kupiga. Jémima alimwuliza kama aliwahi kuona kuku wakienda kula kwa nyoka. Alipendekeza viuzwe pamoja. Hakuna aliyekubali mwenzake ashike mfuko. Alipendekeza kompyuta izunguke, kila mmoja mwezi wake, na wakaanza kugombana ni nani ataanza, mpaka Kalumba akamshika Donatien kwenye kola yenye pasi na kifungo kikaruka kikaanguka kwenye uji wa mtoto wa tata René.

"Basi!" alifoka tata René. "Hii machine itabakia pale iko, kwa mama Odile, mpaka siku mutakuya hapa batatu na neno moja. Neno moja! Kabla ya hiyo, nikimuona mumoja wenu peke yake ku mulango yake, nitamufunga."

Odile alichomoa nyaya, akachukua na ule wake, ule ambao Kalumba alikuwa ameutia mfukoni siku ya mgawo. Alifunga kompyuta ndani ya kitenge na kupita katikati yao. Hakuna aliyemzuia, kila mmoja alikuwa anamchunga mwenzake.

Mama Louise alimfuata barabarani.

"Mama Odile, mi sikuamini yale maneno."

"Ulikuwa nyuma kabisa, mama. Kule hakuna kuamini wala kukataa. Mazoezi ni siku ya tatu ya juma. Mukikawia, nitafunga mulango."

Mpaka leo watatu hawajawa na neno moja. Kirefu kiko Kasaji, cha katikati Tenke, kifupi Mutoshi. Odile ameondoa kibao chekundu na hajaweka kingine, wanaomtaka wanamjua. Bado anapiga kwa herufi. Baadhi ya watu bado wanavuka barabara wanapomwona, na Jémima kule Mutoshi hajaacha kusema kwamba hata ile siku ya uani ilikuwa ni ulozi, wa mchana.

Hata hivyo ni Jémima aliyekuja, miezi kadhaa baadaye, peke yake, akiwa amejifunika kitenge usoni ili tata René asimtambue. Kinanda kifupi kilikuwa ndani ya mfuko wa unga.

"Mulamu," alisema kupitia dirisha, akimwita wifi kwa sauti tamu, "tuache bile bya zamani. Chukua hii. Weye utapiga, mi nitaleta bateja ya Mutoshi. Ya shiye babili, weye na mi. Kalumba na Donatien basijue."

Odile alikitazama kinanda. Vidole vyake vilikuwa vimechoka na herufi, na kazi ya wiki nzima ingekuwa ya siku mbili. Lakini akikipokea, Kalumba atajua, Donatien atajua, na wote wawili watakuja kwa tata René wakiwa na neno moja: kompyuta iondoke kwake.

"Irudishe," alisema. "Na ukikutana na bandugu zako, ubasalimie sana. Ubaambie mi naomba kila siku bagombane."

"Uko na roho mubaya, Odile!"

"Niko nayo. Enda, tata René eko anakuya na ile njia."

Jémima alikimbia, mfuko wa unga ukimpiga mgongoni. Odile alifunga dirisha, akavaa vipokea sauti masikioni, na kuanza tena mstari wa bezi pale alipokuwa ameuachia.